Maswali ya Maji Kanyaruchinya

Vijana wangu, ninyi mliochukuliwa mwaka huu kwenda kuuliza wanawake habari za kupigwa, nimesikia mafunzo yenu yalifanyika katika ukumbi wa hoteli na mlipewa sambusa. Vizuri. Hata sisi tulipewa sambusa. Lakini katika ukumbi ule hakuna atakayewafundisha namna ya kumuuliza mwanamume habari za maji huku unamwogopa. Nimeona heri niwaandikie kabla hamjaingia nyumba ya mtu.

Mimi nilifanya kazi ya anketi, yaani kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza maswali, hadi miguu ikakataa mawe ya Goma. Nimeuliza Mabanga, nimeuliza Kibumba, nimeuliza Kanyaruchinya wakati kambi ya waliokimbia vita ilikuwa imejaa vibanda vya shitingi, yale maplastiki meupe, hadi kando ya barabara. Tulikuwa na maswali mengi, lakini yote yalizunguka jambo moja: nani anakupiga, siku zipi anakupiga, wewe unafanya nini, na nini kingeweza kumzuia. Wakubwa wa utafiti walitaka kuelewa ili wajue pa kuanzia kuzuia. Sisi tulitaka vilevile, ila tulitaka pia mwanamke tuliyemuuliza aamke kesho yake akiwa mzima. Wewe unatoka nyumbani kwake na karatasi zako, yeye anabaki.

Mjue mapema kwamba mimi ni mwoga. Sikuwahi kuzoea. Kila asubuhi ya kazi wenzangu walijua kwamba Mama Dorika lazima apite chooni mara mbili kabla ya kupanda pikipiki. Walinicheka wote isipokuwa Mama Vumilia, mkubwa wa timu yetu, mwanamke wa milima ya Masisi mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Yeye aliniambia, “Dorika, mutu mwenye haogopake, mi siwezi kumupa karatasi yangu. Ataniulia mutu.”

Ni yeye aliyetufundisha maswali ya maji. Hatukusema kamwe kwamba tunauliza habari za kupigwa. Mbele ya jirani, mbele ya mama mkwe, mbele ya mume, tulisema tunauliza afya ya familia. Chini ya karatasi za kweli kulikuwa na karatasi nyingine: mnachota wapi, mnachemsha, bidoni, yaani dumu la maji, mnaiosha na nini. Mwanamume akiingia, hata kama uko katikati ya neno, unageuza ukurasa na kuuliza bidoni. Kipindupindu hakijawahi kutuhama Goma, basi hakuna anayeshangaa kuulizwa maji.

Kugeuza ukurasa ni rahisi mkiwa hotelini. Aline, mdogo wetu katika timu, siku yake ya kwanza alimwona mume anaingia, akageuza ukurasa vizuri kabisa, lakini ulimi wake ulikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza. Akamtazama yule baba usoni na kumuuliza, “Papa, maji inakupigaka mara ngapi?” Yule baba alifikiri anaulizwa habari za kuharisha. Akajibu kwa adabu kwamba wiki iliyopita yalimpiga mara mbili tu, lakini alikunywa dawa. Njiani tulicheka hadi tukashika ukuta. Kisha Mama Vumilia akatuketisha juu ya mawe, akajifanya mume anayeingia ghafla, na kila mmoja akageuza ukurasa mbele yake. Alijifanya vizuri mno. Aline alilia, na hata mimi mkubwa mzima nilitamani kwenda nyumbani.

Ninyi sasa mna tableti. Mmoja wenu alinionyesha kwamba ukigusa kona moja, maswali ya kweli yanapotea na ya maji yanatokea yenyewe. Nimefurahi. Lakini tableti haijui nani anapumua nyuma ya shitingi. Nyumba za mbao za Mabanga na vibanda vya kambini havishiki sauti. Majirani hawajali sauti yako wewe mgeni, wanaijua sauti ya yule mwanamke. Akisema “ndiyo” huku analia, avenyu nzima, mtaa wote, imesikia. Kwa hiyo mimi nilikuwa naomba tuchambue maharage. Ungo katikati yetu, vichwa karibu, mimi nanong'ona swali, yeye anasogeza punje kulia kama ni ndiyo, kushoto kama ni hapana. Anayepita nje anaona wanawake wawili na kazi ya jikoni. Wenye utafiti walikuwa na wasiwasi na njia hiyo, wakitaka jibu la mdomo. Mama Vumilia aliwaambia waje wakae kibandani wenyewe, na neno hilo likaishia hapo.

Kwa ungo huo ndivyo nilivyomuuliza mwanamke nitakayemwita Mama Neema.

Majina yote humu nimeyabadilisha. Alikuwa mkulima wa Kibumba, wa kabichi na karoti, aliyekimbia na mumewe, binti yao Neema, na mtoto mchanga. Kibanda chao kilikuwa katika mstari wa mwisho kambini. Alijibu upesi, punje kwa punje, bila kunitazama. Nilipofika kwenye swali la kama amewahi kufungiwa mahali, mkono wake ulisimama. Kisha akaninong'oneza kwa mdomo, jambo ambalo sikumwomba. Kwao Kibumba hakuna chemchemi, watu wanakinga maji ya mvua. Mumewe alijenga tanki la simenti nyuma ya nyumba. Wakati wa kiangazi, tanki likiwa tupu, alikuwa anamshusha ndani yake, anafunika, halafu anakwenda shambani. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote. Swali lililofuata lilikuwa kama amewahi kuogopa kwamba mumewe atamuua. Alisogeza maharage yote upande wa kulia.

Hapo hapo mumewe akaingia. Niligeuza ukurasa. Papa Neema alikuwa mtu wa heshima, shati safi, sauti ya upole. Alinisalimu, akaketi, akasikiliza maswali matatu ya bidoni, akatazama karatasi yangu yenye visanduku vyake.

“Na jetoni?” akauliza.

“Hamuna jetoni, papa. Tunauliza tu maji.”

Akatabasamu. “Sawa, mama.”

Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawakuishi kambini. Jetoni ni kile kikaratasi cha kupokea msaada: unga, mafuta, sabuni. Mtu yeyote aliyeingia kambini na karatasi na kalamu, watu walisema amekuja kuandika majina ya jetoni. Unaweza kuapa mbele ya padri, hawasadiki, kwa sababu wameshaona walioapa na jirani akala. Nasi tulikuwa tumejificha nyuma ya maji, tukidhani uongo wetu ni mdogo na hauna meno.

Siku chache baadaye shirika lingine, ambalo hata hatukulijua, likagawa unga na mafuta. Jina la Papa Neema halikuwemo. Yeye akapiga hesabu yake: yule mama wa karatasi alikuja kwangu, akamwandika mke wangu, basi jetoni ilitoka. Iko wapi? Mke wangu amempa kaka yake.

Habari nilizipata kwa Mama Neema mwenyewe, kwenye bomba la kambi, nilipokuwa namshikia mama mmoja bidoni yake. Alisimama nyuma yangu katika foleni, bila kunitazama, akaongea kama mtu anayeisemesha bidoni yake.

“Anasema nimuonyeshe ile jetoni mbele ya siku ya Mungu. Nikikosa, atanimaliza. Alishanunua kamba.”

“Umuambie hamuna jetoni.”

“Nilimuambia. Anasema kama haikuwa jetoni, basi mulikuwa munasema nini saa yote ile, na juu ya nini nilikuwa na macho ya machozi.”

Niliganda pale na bidoni ya mtu mwingine mkononi. Mnaona ugumu wake. Kumtoa katika shutuma ya jetoni, ilibidi mumewe aambiwe tulikuwa tunaongea nini. Na akiambiwa tulikuwa tunaongea nini, hatangoja Jumapili. Nilimuuliza kama atakubali kwenda mjini, katika nyumba moja wanayopokea wanawake. Zamani wengine walipomwambia hivyo alikataa. Mara hii alisema atakwenda, lakini na watoto wote wawili, na mumewe haondoki mlangoni. Anakaa pale kutwa nzima na wanaume wenzake, wanacheza karata, njia yote iko mbele ya macho yake.

Sheria yetu ilikuwa kutorudi kamwe katika nyumba uliyokwisha kuuliza. Ni sheria nzuri, msiivunje. Mama Vumilia aliivunja siku ile nilipomweleza. Akasema, “Huyu bwana anataka karatasi. Tumupe karatasi.”

Mpango wake ulikuwa huu. Tutaita wanaume wote wa mstari ule, wakuu wa familia, mmoja mmoja, katika kanisa la mbao la kambini, tuwaulize maji. Kweli kabisa, maji, karatasi ile ile. Hakuna atakayekataa, maana kila mmoja atanusa jetoni. Zamu ya Papa Neema ikifika, Mama Neema atatoka na watoto na beseni la nguo kichwani, na Mama Vumilia atakuwa barabarani na pikipiki mbili. Wa kumuuliza Papa Neema awe mtu ambaye ameshamwona na karatasi, ili asishtuke. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilisema siwezi. Mama Vumilia akasema anajua siwezi, kisha akanipa kalamu.

Kanisa lile lilikuwa na mabenchi na upande mmoja ulikuwa wazi kwa njia. Nilimkalisha akiipa njia mgongo. Tulianza na bidoni. Alijibu vizuri, kwa kirefu, kama mtahiniwa anayetaka kufaulu. Nilikuwa naandika, na nilipoangalia baadaye niliona nimeandika “bidoni bidoni bidoni” mistari mitatu. Nilimwogopa mtu yule kwa namna ambayo sijamwogopa mwanajeshi yeyote, na wanajeshi nimekutana nao wengi katika barabara hizi.

Maswali ya maji yaliyoandikwa ni machache. Yalikwisha, na njia ilikuwa bado tupu. Nikaanza kutunga. Maji ya kunawa yanakaa wapi? Mnapenda maji ya asubuhi au ya jioni? Mvua ya Goma na mvua ya kwenu, ipi ina ladha nzuri? Alinitazama kidogo, lakini alijibu. Ya kwao.

Ndipo nikawaona. Mama Neema alikuwa na beseni kichwani, mtoto mchanga mgongoni, Neema ameshika kikwembe, kitenge cha mama yake. Walikuwa wanatembea taratibu, jinsi watu wanavyokwenda kufua. Mbele ya kanisa Neema akasimama. Alikuwa ameuona mgongo wa baba yake. Niliuona mdomo wake unafunguka.

“Unaangalia nini, mama?” Papa Neema akauliza, na bega lake likaanza kugeuka.

“Kwenu Kibumba,” nikasema haraka, “maji mulikuwa munaweka mu nini?”

Bega lilirudi. Lakini macho yake yalikuwa yamebadilika.

“Nani alikuambia kama niko mutu wa Kibumba?”

Nilikuwa nimeteleza. Yeye hakuniambia. Karatasi haikuuliza. Nyuma yake Mama Neema alikuwa anamvuta mtoto kwa mkono, na mtoto anakaza miguu.

“Bibi yako,” nikasema. “Ile siku ya kwanza, nilimuuliza mulikuwa munachota wapi kwenu.”

“Alikuambia nini ingine?”

“Alisema ulijenga tanki. Alisema ku majirani yote hakukuwa tanki kubwa sawa ile yako.”

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Mama Neema alikuwa ameniambia habari za tanki, lakini si kwa kulisifia. Papa Neema alinipima kwa macho. Kisha uso wake ukafunguka, akanyoosha miguu yake na kuanza kueleza. Simenti alinunua ya kweli, si ya kuchanganya na mchanga mwingi. Mawe aliyapasua mwenyewe. Mafundi wa kijiji walikuja kujifunza kwake.

“Mutu muzima anasimama mule ndani,” alisema, akinionyesha urefu kwa mkono. “Na mufuniko yake ni nzito. Ukishafunga, hata sauti haitokake.”

Alisema hivyo akinitazama usoni, bila kupepesa, na bado anatabasamu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajisifu au ananiambia kwamba anajua. Niliandika. Nilimuuliza tanki linachukua bidoni ngapi. Nilipoinua macho, njia ilikuwa tupu tena, na mbali kidogo nilisikia pikipiki zinawaka.

Nilimkalisha muda mwingine, nisiwe nimemaliza kwa haraka. Nilimuuliza habari za mifereji, za majani yanayoanguka juu ya bati, kila kitu. Mwishoni aliinuka, akapanguza suruali.

“Na jetoni itatoka siku gani?”

“Hamuna jetoni, papa. Hata kwako weye.”

“Sawa.” Alifika mlangoni, akageuka. “Munaulizaka wanaume maji tu?”

“Maji tu, papa.”

Alipotoweka nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika. Aline, ambaye alikuwa anauliza wanaume wengine upande wa pili, alinishika mkono, tukaondoka kambini kwa mguu hadi barabara kubwa. Nilitazama nyuma njia nzima. Jioni ile Mama Vumilia alituma ujumbe wa neno moja: “Tumefika.”

Baadaye tulipokaa na wakubwa wa utafiti na kusoma majibu ya wanawake, tuliona kwamba wengi walitaja siku za ugawaji kuwa siku za kupigwa. Unga unaingia kambini na ngumi zinafuata. Tuliwaomba wagawaji wasome majina hadharani, mume na mke wamesimama pamoja, na wasiwaachie watu kuwaza nani amefichwa nini. Baadhi walikubali, na baadhi ya nyumba zikatulia. Hiyo ndiyo faida ya kuuliza, na nisingependa mdhani nawakataza kazi. Nendeni. Ila kabla ya kuingia mahali na karatasi au na tableti, ulizeni kwanza nani mwingine anapita pale na anagawa nini, na watu wanadhani ninyi ni nani. Wanachodhani wao ndicho kitakachomfikia yule mwanamke mkishaondoka.

Kambi ile haipo tena. Watu waliambiwa waondoke, wengine wakarudi mashambani, wengine wakamezwa na mji. Mimi nimestaafu, nakaa Mabanga, nauza makala kidogo, yaani mkaa, mbele ya mlango. Mchana mmoja mteja mwenye shati safi aliinama kuchagua mkaa, akasema kwa upole, “Mama wa maji. Uko muzima?”

Anaishi karibu. Anapita mara kwa mara, ananunua, analipa vizuri, hanidai hata senti ya chenji. Kila mara anauliza, “Ulishaona bibi yangu?” Nami nasema hapana, papa. Mara ya mwisho alisema, “Ukimuona, umuambie nilimusamehe.” Usiku huo sikulala, na tangu siku hiyo mlango wangu una kufuli mbili.

Sasa nifike kwa sababu iliyonifanya niandike. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kwangu, mwenye adabu, kizibao cha kazi, tableti, na barua ya ofisi yenye muhuri. Mmoja wenu. Alisema utafiti mpya unataka kuwafuata wanawake waliohojiwa zamani kambini, kuona maisha yao yamekwendaje. Alikuwa na habari za mwanamke mmoja wa Kibumba, mwenye binti na mtoto mchanga, aliyetoka Kanyaruchinya. Aliambiwa mimi najua anakoishi.

Nilimwomba aketi. Nilimuuliza ni nani aliyemwelekeza kwangu, ofisi au nani. Akacheka kwa aibu kidogo, akasema ofisi haikuwa na anwani, lakini mtaani alikutana na baba mmoja mpole sana aliyemsaidia. Yule baba alimpa jina la mwanamke, akamleta hadi kona, akamwonyesha mlango wangu. Akamwomba tu kwamba akishapata jibu, apite amwambie, maana na yeye anafuatilia afya ya familia ile.

Nilitazama kwenye kona. Alikuwa amesimama pale, shati lake safi, mikono nyuma, anasubiri.

Nilimwambia yule kijana, kwa sauti ya kufika kwenye kona, kwamba mwanamke huyo alikufa zamani, yeye na watoto wake. Kijana aliandika hivyo kwenye tableti yake. Kama ni kweli au si kweli, hata ninyi siwaambii. Mkija kwangu, mje na barua au bila barua, nitawaambia hivyo hivyo, nanyi mtaandika, na mtapita pale kwenye kona mkiwa mnatembea polepole, ili akiwauliza apate jibu hilo.